Kifurushi Kimoja Kila Mtu Anacho: Ninavyochanganya Michoro ya Mtandaoni Kupata Kazi ya Mkono Isiyofanana na ya Jirani

Leo naongea na watu wa karatasi: nyie wa kadi za mialiko, viboksi vya zawadi, topa za keki, bahasha za michango na mapambo ya besidei. Wale ambao ofisi yao nzima inakaa juu ya meza ya kulia chakula, na watoto wakitaka kula inabidi ofisi ihame kwanza.

Swali ninalokutana nalo sana inboksi ni hili: "Dada, nimenunua michoro mizuri mtandaoni, nakata vizuri, nagundisha vizuri, mbona kila mteja anataka nipunguze?" Jibu ni kwamba jirani yako naye kanunua michoro hiyohiyo. Yale maua ya waridi yenye majani ya dhahabu unayoweka kwenye kadi ya sendofu yapo pia Mbagala, yapo Mwanza, yapo Nairobi, kwa sababu faili ni moja na linauzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Mteja akishaona kitu kilekile sehemu mbili, kinachobaki cha kulinganisha ni bei tu. Na kwenye bei hutamuweza kila mtu, maana siku zote yupo mmoja anayeprinti kazini kwake kwa wino wa bosi.

Mimi kuchora sijui. Hata kuku nikimchora utauliza ni mnyama gani. Ninachojua ni kuchanganya: nachukua kitu kimoja kwenye kifurushi hiki, kingine kwenye kile, naviunganisha mpaka vinakuwa kazi ambayo mteja hawezi kuikuta dukani pengine. Leo nakupa namna ninavyofanya, pamoja na mambo yanayoharibu kazi za watu wengi.

Kwa mgeni wa mambo haya, kifurushi ni folda ya mafaili unayonunua au kupakua bure. Ndani unakuta karatasi za nyuma zenye mapambo, michoro ya PNG ambayo haina usuli, na violezo vya maboksi vya PDF vyenye mistari ya kukata na kukunja. Vingine vina mafaili ya SVG kwa ajili ya mashine za kukatia kama Cricut na Silhouette. Unaprinti, unakata, unakunja, unagundisha. Kama mashine huna, usijali. Kisu chenye makali na rula ya chuma vinatosha kabisa, na oda zangu nyingi zimetoka kwa kisu.

KILA KIFURUSHI NA KAZI YAKE

Wengi wakisikia "changanya" wanachukua boksi huku, maua kule, vipepeo kwingine, herufi za dhahabu za kwingine tena, na kila kimoja kinataka kionekane. Kazi inakuwa kama gulio siku ya Jumapili.

Mimi nafuata mpangilio wa khanga. Itandaze khanga yoyote uliyonayo hapo nyumbani uiangalie. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maneno yanayokaa chini ya mji. Pindo linaweza kuwa na vidoa vidogovidogo na mji ukawa na maua makubwa, wala havigombani, kwa sababu kila kimoja kina mahali pake. Basi nami pindo natoa kwenye kifurushi kimoja, mji kifurushi kingine, na jina kwenye kifurushi cha herufi. Umbo lenyewe la boksi au kadi linaweza kutoka kifurushi cha nne bila tatizo, maana kiolezo ni mistari tu, hakina rangi ya kugombana na mtu.

Angalia, naiga mpangilio wa khanga, si mchoro wake. Kupiga picha khanga ya kiwandani ukaiprinti kwenye maboksi ya kuuza ni kuchukua mchoro wa mwenyewe. Tutafika huko kwenye leseni.

ODA YA VIBOKSI 50

Nikupe mfano wa kazi halisi ili tusiongee hewani. Mteja wa Tabata alitaka viboksi 50 vya shukrani kwa ajili ya kicheni pati ya mdogo wake. Kila mgeni aondoke na viungo vya chai. Akanionyesha picha kwenye simu, boksi la waridi na dhahabu, lile ambalo mimi mwenyewe nimeshaliona kwenye shughuli kama nne hivi. Nikamuuliza kitu kimoja tu: bibi harusi asili yao wapi? Akasema kwa mama yao ni Pemba.

Hapo kazi ikawa imeshaanza kujichora. Pemba ni karafuu. Boksi la viungo vya chai kwa binti wa Pemba, mji wake utakuwa karafuu.

Mchoro wa karafuu sikununua. Kuna kitabu cha Kijerumani cha mimea ya dawa, Köhler's Medizinal-Pflanzen, kilichotoka mji wa Gera mwaka 1887, na kurasa zake zenye picha zipo Wikimedia Commons kwa ukubwa mzuri wa kuprinti. Humo kuna karafuu, tangawizi, iliki, kungumanga, vimechorwa kwa mkono mpaka unaona mshipa wa jani. Hakimiliki yake iliisha zamani sana, kwa hiyo unaruhusiwa kuitumia kwa biashara bila kumlipa mtu. Hazina za namna hii ni nyingi. Jumba la makumbusho la The Metropolitan Museum of Art la New York, mwezi Februari 2017, lilizifungulia watu wote picha zaidi ya 375,000 za kazi zake za zamani kwa alama ya CC0, maana yake tumia utakavyo, hata kuuza. Sijui kwa nini watu wanalipia waridi lilelile wakati haya yapo.

Pindo nilitoa kwenye kifurushi nilichonunua cha karatasi zenye maumbo madogo ya pembetatu na nukta. Herufi za jina la bibi harusi nikatoa kwenye kifurushi cha herufi za mwandiko. Umbo la boksi nikachagua la mtindo wa kiberiti, droo inayoingia ndani ya ganda. Droo ikatoka kifurushi kimoja kwa sababu kuta zake zilikuwa za kukunja mara mbili, imara. Ganda likatoka kifurushi kingine kwa sababu lilikuwa na dirisha la mviringo juu. Yaani jumla ni sehemu tano kutoka sehemu tano tofauti. Ndani nikaweka viungo kwenye kipaketi chake kilichofungwa, maana wino wa printa haukutengenezwa kugusana na chakula.

Kazi iliyochukua muda ilikuwa kufanya mchoro wa mwaka 1887 na karatasi ya mapambo ya juzijuzi vikae pamoja. Zile kurasa za zamani karatasi yake imezeeka, imekuwa rangi ya maziwa yenye manjano kidogo. Kama ungeuweka mchoro ule juu ya ganda jeupe pee, ungeonekana kama kiraka. Unaweza kufuta usuli wote kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure. Mimi nilifanya kinyume. Nilinyonya ile rangi ya karatasi iliyozeeka kwa kifaa cha kunyonyea rangi, nikaijaza kwenye ganda zima na kwenye droo. Halafu pembetatu za pindo nikazipaka rangi mbili zilizomo ndani ya mchoro wenyewe, kijani cha jani na wekundu wa kichomozi cha karafuu. Baada ya hapo ukiliangalia boksi unadhani limechorwa na mtu mmoja siku moja.

Mteja alivyoliona hakuuliza habari ya bei tena. Aliuliza kama naweza kumtengenezea na kadi za mwaliko zinazofanana nalo.

VIPIMO NDIPO WATU WANAPOLIA

Sehemu hii isome polepole, ukiwa na rula mkononi ikiwezekana.

Vifurushi vingi vinatengenezwa na watu wa Marekani, na wao hawatumii A4. Karatasi yao ina upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. A4 yetu ni 210 kwa 297. Sasa ukifungua kiolezo chao ukabonyeza printi, programu ikiwa imewekwa itoshe ukurasa, inakipunguza kimyakimya ili kiingie kwenye upana wa 210. Inashuka mpaka kama asilimia 97, au chini zaidi kwa sababu printa nyingi zinaacha ukingo. Boksi la sentimita 10 linakuwa 9.7. Kama boksi zima linatoka kifurushi kimoja hutagundua, kwa sababu kila kitu kimepungua sawa. Ila ukichanganya, droo ya Mmarekani imepungua, ganda la kifurushi cha A4 halijapungua, na droo inacheza ndani kama jino bovu. Ikiwa kinyume chake, haiingii kabisa.

Kwa hiyo weka printa kwenye ukubwa halisi, asilimia 100, kila mara. Kiolezo kikikatika ukingoni, kisogeze au ukizungushe, usikipunguze. Na kabla ya kuprinti kazi, chora mraba wa sentimita 5 kwenye kila faili, uprinti, uupime. Ukipata 4.8, ujue kuna mtu kati yenu amepunguza.

SVG nazo zina ugonjwa wao. Faili lililotoka kwenye Adobe Illustrator kwa kawaida linahesabiwa pointi 72 kwa inchi, wakati Inkscape, programu ya bure ambayo wengi wetu tunatumia, inasoma 96. Matokeo yake boksi la sentimita 10 linafunguka likiwa 7.5. Faili halijaharibika, na aliyekuuzia hajakutapeli. Lichague lote, uliongeze kwa asilimia 133.3, limerudi saizi yake.

Halafu kuna ile nafasi ya droo kuingia kwenye ganda. Kwa karatasi ya gramu 250 mimi naacha ganda liwe kubwa kuliko droo kwa milimita moja na nusu upana, na milimita moja kimo. Chini ya hapo inabana, na mgeni mwenye njaa ya kujua kuna nini ndani ataichana. Violezo vya kifurushi kimoja vimeshaachiwa nafasi hiyo na mtengenezaji. Ukichanganya, nafasi hiyo ni jukumu lako.

Karatasi za mapambo kutoka Marekani mara nyingi ni mraba wa inchi 12 kwa 12, sentimita 30.5 kila upande, kwa sababu huko zilianza kwa watu wa albamu za picha zenye saizi hiyo. Faili lake likiwa la kiwango cha nukta 300 kwa inchi litakuwa na pikseli 3600 kwa 3600. Usilibane lote liingie kwenye A4 bila kufikiri, maana ua la sentimita 4 linakuwa chini ya 3. Amua wewe unataka ua liwe kubwa kiasi gani, ndipo ukate kipande unachohitaji.

Na hesabu ya kujua mchoro unaweza kuprintiwa mkubwa kiasi gani ni rahisi. Chukua pikseli, gawanya kwa 300, zidisha kwa 2.54, unapata sentimita. Picha ya pikseli 800 itatoka safi mpaka kama sentimita 6.8. Ukiivuta mpaka 15 itakuwa na ukungu, na itakaa pembeni ya mchoro mwingine mkali kama ua la plastiki kwenye bustani.

JICHO LA MTEJA

Mteja hajui kusema "mistari ya nje haifanani unene," lakini jicho lake linaona. Kuna michoro yenye mstari mweusi mnene pembeni, kama katuni, na kuna michoro ya rangi ya maji isiyo na mstari kabisa. Ukiviweka pamoja kazi inaonekana ya kuokoteza. Chagua upande mmoja. Vivuli pia. Mchoro mmoja kivuli chake kinaanguka kulia chini, mwingine kushoto, na hapo kazi yako ina majua mawili. Mara nyingi kuugeuza mchoro mmoja kama kwenye kioo kunatosha, mradi hauna maandishi.

Rangi, mimi nachagua kifurushi kimoja kuwa kiongozi. Kwenye ile oda kiongozi alikuwa mchoro wa karafuu. Natoa kwake rangi nne tu, na wengine wote wanamfuata. Kisichoweza kubadilishwa rangi kinabaki nyumbani, hata kama nimekilipia. Hili ni gumu, najua, kwa sababu ukishanunua kitu unataka kionekane.

Usiamini kioo cha simu. Kioo kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Zambarau kali na kijani cha kung'aa vitatoka vimefifia, na rangi mbili zilizofanana kwenye kompyuta zinaweza kutoka tofauti. Kabla ya oda, tengeneza ukurasa mmoja wa A4 wenye vipande vidogo vya kila faili utakalotumia, uprinti kwenye karatasi ileile ya kazi. Ni karatasi moja tu, lakini itakwambia kila kitu.

Karatasi yenyewe ndiyo inayoficha kwamba kazi imetoka sehemu tano. Prinati sehemu zote kwenye aina moja, kutoka rimu moja. Gramu 250 kwa boksi, kati ya 120 na 160 kwa matabaka ya juu kama maua na lebo. Gramu 80, ile ya fotokopi, haina kazi kwenye boksi. Karatasi ngumu ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inaokubali kupindika kwa urahisi ndio mwelekeo wake. Mikunjo mirefu ya ganda iende sambamba na nyuzi, la sivyo rangi inapasuka kwenye kona na unaona mstari mweupe. Kabla ya kukunja, pitisha peni iliyoisha wino juu ya mstari ukitumia rula. Na kama printa yako inatumia wino wa kawaida wa maji, mwambie mteja asiweke maboksi karibu na vinywaji baridi. Jasho la chupa linatosha kuuyeyusha.

LESENI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wanaliruka, na ndilo linaloweza kukuletea barua ya mwanasheria.

Kununua faili si kununua haki ya kuliuza. Kila kifurushi kina masharti yake, mara nyingi kwenye faili dogo la maandishi ambalo hakuna anayelifungua. Lifungue. Kuna vya matumizi binafsi tu, yaani besidei ya mwanao sawa, besidei ya mteja hapana. Canon Creative Park, kwa mfano, wana violezo vizuri mno vya bure, lakini ni vya matumizi binafsi, kwa hiyo tumia kujifunzia mikunjo, usitumie kwenye oda. Kuna vya biashara bila kikomo. Na kuna vya biashara kwa idadi, labda vipande 200, labda 500, baada ya hapo unalipia tena.

Ukichanganya vifurushi, sharti kali kuliko yote ndilo linalotawala kazi nzima. Vinne vya biashara na kimoja cha matumizi binafsi, boksi zima ni la matumizi binafsi. Kimoja kikisema vipande 200, boksi lako la 201 halina ruhusa, hata kama vingine havina kikomo. Kwa vitu vya bure vyenye leseni za Creative Commons, soma herufi. NC maana yake si kwa biashara. ND maana yake usibadilishe, na kuchanganya ni kubadilisha, kwa hiyo hicho kiache. BY maana yake utaje jina la aliyekitengeneza, na mstari mdogo chini ya boksi unatosha. SA inataka kazi yako mpya nayo uiachie watu kwa masharti yaleyale, na hapo lile lengo la kuwa na kitu chako peke yako limekufa.

Halafu Elsa. Halafu Spider-Man. Najua mtoto analia anamtaka Elsa. Lakini Elsa ni wa Disney, na yule muuzaji wa mtandaoni aliyekuandikia "leseni ya biashara imejumuishwa" ameuza asichokuwa nacho. Kwenye oda za watoto mimi namuuliza mama: mtoto anampendea nini Elsa? Barafu? Rangi ya buluu? Nywele za kusuka? Natengeneza barafu, buluu, na binti mwenye nywele za kusuka kutoka kifurushi chenye leseni safi, na jina la mtoto juu yake. Mara nyingi mtoto akiona jina lake Elsa anasahaulika.

Usidhani haya ni ya Ulaya tu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2001 na KECOBO. Na hakimiliki haisubiri alama wala kusajiliwa. Inaanza pale kazi inapotengenezwa.

Mimi nina daftari moja la leseni. Kila kifurushi kina mstari wake: nimekipata wapi, lini, kinaruhusu nini, kikomo chake, na nimeshatoa vipande vingapi. Risiti nazipiga picha naziweka kwenye folda ileile ya michoro.

HELA SASA

Tufanye hesabu ya boksi moja. Namba hizi ni za mfano, wewe weka za mtaani kwako. Tuseme karatasi ngumu 500, wino 300, gundi na utepe 300. Jumla 1,100. Muda: ukishazoea, dakika 12 kwa boksi, na kama saa yako umeipa thamani ya shilingi 3,000, hapo ni 600. Vifurushi ulivyolipia jumla ni 30,000, na unategemea kuvitumia kwenye maboksi 100 kabla hujabadilisha, hiyo ni 300 kwa boksi. Boksi limesimama kwa 2,000.

Wengi wanaacha ile 600 na ile 300. Wanaona boksi ni 1,100, wanauza 1,500, wanashangilia faida ya 400, kumbe kila boksi linawala 500.

Kwa boksi la kipekee, lenye jina na mchoro wa kwao, 3,500 inakubalika kwa mteja wa shughuli. Maboksi 50 ni 175,000. Gharama ni 100,000. Prinati 55 siyo 50, kwa sababu mkono unateleza, na zile tano za ziada ni 800 kila moja ya karatasi na wino, 4,000. Unabaki na 71,000, na muda wako umeshalipwa humohumo. Viungo vya ndani vihesabu pembeni, visichanganyike na hesabu ya karatasi.

Muda wa kupanga mchoro wa kwanza, zile saa tatu nne za kunyonya rangi na kusogeza, mimi natoza mara moja kama ada ya ubunifu, na naiandika kwenye ankara kama mstari wake. Mteja akiuliza ni ya nini, namuonyesha sampuli ya boksi lake pembeni ya lile la waridi na dhahabu.

MAFAILI YASITOROKE

Kama unaprintisha steshenari, usipeleke folda ya vifurushi kwenye flashi. Leseni nyingi, hata za biashara, zinakataza kumpa mtu mwingine faili lenyewe. Tengeneza PDF moja iliyounganishwa, kila kitu kimelala pamoja kwenye saizi ya kuprinti, hakuna tabaka la kutenganisha. Simama hapo mpaka ikatoke, kisha omba ifutwe kwenye kompyuta yao, na ndoo ya taka ya kompyuta nayo isisahaulike.

Mteja akiomba umtumie "softi" kwenye WhatsApp aangalie, mtumie picha ndogo yenye jina lako katikati. Si kwa ubaya. Ni kwamba dada yake naye ana shughuli mwezi ujao, na ana printa.

Wiki hii anza na vifurushi viwili tu: kiolezo cha boksi la kiberiti kutoka kimoja na karatasi ya mapambo kutoka kingine, uongeze mchoro mmoja wa bure wa mmea unaolimwa kwenu. Kahawa, chai, mkonge, korosho, chochote. Ukikwama droo na ganda havikubaliani, nitumie picha vikiwa vimelala pamoja na rula pembeni. Bila rula kwenye picha sitaweza kukwambia kama tatizo ni faili, printa au kisu.